Siku Tano Lusaka

Ndugu msomaji, kama umepata kualikwa na rafiki aliye nchi ya jirani, huenda nawe ulifunga mizigo ukidhani kwamba kazi ya mgeni ni kula, kutembezwa na kushukuru. Nami nilidhani hivyo mwezi Septemba 2024, tulipoondoka Mbeya, mke wangu, kijana wetu na mimi, kwenda Lusaka kwa rafiki yangu Mzambia niliyesoma naye zamani.

Ukivuka mpaka wa Tunduma unaongezewa saa moja, kwani saa za Zambia ziko nyuma ya zetu. Lakini barabara iliyobaki, yapata kilomita 1,000, huidai saa hiyo pamoja na riba. Tulishuka na vumbi hadi kwenye nyusi.

Mwenyeji wetu alitutembeza kwa fahari. Tuliiona Cairo Road, njia pana iliyopewa jina kwa ndoto ya Cecil Rhodes ya kuunganisha Cape na Cairo, na sanamu ya mtu akatizaye minyororo, iliyosimamishwa mwaka 1974. Kisha Chilenje, katika nyumba namba 394 alimoishi Kenneth Kaunda alipokuwa akipigania uhuru. Kijana wetu aliingia, akatoka, akauliza vyumba vingine viko wapi. Swali lile nalikumbuka kuliko maelezo yote tuliyopewa.

Jioni tuliandaliwa nshima, yaani ugali, kwa kapenta. Mke wangu alionja, akasema, "Mbona hawa ni dagaa wa Kigoma!" Hakukosea. Kapenta wa Kariba asili yao ni Ziwa Tanganyika. Walipelekwa huko mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya bwawa kukamilika mwaka 1959. Shemeji, mke wa rafiki yangu, alicheka: "Basi mmekuja kuwatazama ndugu zenu."

Lakini Kariba haitoi samaki tu. Umeme wa Zambia kwa sehemu kubwa hutokana na maji, na mwaka ule ukame ulikuwa umetangazwa kuwa janga la taifa tangu Februari. Mtaani kwa wenyeji wetu umeme ulikuja kwa saa chache, aghalabu usiku wa manane. Habari hizo tulikuwa tumezisoma. Hata hivyo hatukuona dhiki yoyote: kila asubuhi maji ya kuoga yalikuwa ya moto, nguo zimepigwa pasi, kifungua kinywa kiko mezani.

Usiku wa tatu, yapata saa nane, mke wangu aliamka kutafuta maji ya kunywa, akakuta taa inawaka jikoni. Shemeji alikuwa akichemsha maharage, mumewe akipiga pasi shati la kijana wetu, na ndoo zimepangwa mstari zikisubiri maji, kwa kuwa pampu ya kisima haivuti pasipo umeme. Tangu tufike hawakuwa wamelala usiku hata mmoja ukaisha. Mke wangu hakulaumu, alishika ndoo. Kisha akaja kuniamsha. "Inuka, Baba. Wenzetu hawalali."

Rafiki yangu aliponiona alificha pasi mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari. Akasema mgeni haonyeshwi shida. Nikamwambia kwamba kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na siku zangu nilikuwa nimezihesabu. Akanipa pasi.

Msomaji wangu, ukiniuliza likizo yetu ilikuwa wapi, nitakujibu kuwa ilikuwa katika jiko lile, usiku ule na ule uliofuata. Hapo ndipo aliponieleza habari za mshahara wake, na za mahindi ya mama yake huko kusini, yaliyokauka yakiwa urefu wa goti. Mchana, mbele ya sanamu, tulikuwa tumezungumza habari za mpira. Umeme ulipokatika, karibu na alfajiri, hakuna aliyenyanyuka. Tulimaliza chai gizani.

Siku ya kuondoka Shemeji alitufungia kilo mbili za kapenta. Mke wangu aliacha nyuma ya mlango wa jiko gunia la mkaa tulilolinunua sokoni kwa siri. Tumeandikiana mara nyingi tangu siku hiyo, na hakuna aliyewahi kulitaja.