Abiria Si Kamba

Mwishoni mwa Agosti 2017 tulihama kutoka Masisi-centre kwenda Walikale, sisi wawili juu ya pikipiki moja. Tulikuwa na mwaka mmoja tu tangu kufunga ndoa. Mmoja wetu alikuwa amepata kazi ya ualimu huko, na masomo yalikaribia kuanza. Nyumba yetu ilikuwa ndogo, lakini siku ya kuihama tuligundua kwamba hata nyumba ndogo haienei juu ya kiti cha pikipiki.

Wengi wenu mnaijua njia hiyo. Inatoka kwenye milima ya malisho, penye ng'ombe na jibini, inapita Nyabiondo na Kashebere, kisha inashuka kuelekea Kibua na Mpofi hadi ndani ya msitu. Walikale peke yake inachukua zaidi ya theluthi moja ya jimbo la Kivu ya Kaskazini, na barabara zake ni chache. Asubuhi, huko Masisi, mtu hutetemeka kwa baridi. Akifika chini, joto na mvua humpokea. Kwa hiyo msafiri hubeba koti na turubai, blanketi na chandarua, sufuria na chakula, maana pikipiki ikinaswa matopeni hakuna ajuaye atalala wapi.

Tulifunga mzigo usiku, kwa mwanga wa simu. Nyuma kabisa, juu ya keria, tuliweka kasha la bati lenye sahani na vikombe vya arusi. Juu ya kasha tukaweka kichwa cha cherehani, na juu ya cherehani godoro lililokunjwa. Pembeni tulining'iniza sufuria na bidoni ya petroli tuliyonunua kwa makadhafi wa barabarani. Kila kitu kilikuwa na mtetezi wake: kasha lilikuwa zawadi ya wazazi, cherehani ilikuwa riziki, godoro lilikuwa jipya. Hatukukubali kuacha hata kimoja. Na kwa kuwa mzigo uliyumba, tulichukua kamba ya mpira uliokatwa kutoka gurudumu kuukuu, tukaipitisha mbele ya tumbo la yule anayekaa nyuma, tukamfunga pamoja na godoro ili mgongo wake uushikilie mzigo. Wakati ule tuliona kuwa ni akili.

Katika mlima wa kwanza gurudumu la mbele lilikuwa jepesi mno. Uzito wote ulikuwa nyuma ya gurudumu la nyuma, nao uliinua usukani kama vile mtu anavyokanyaga ncha ya ubao na ncha ya pili ikapanda. Tulicheka. Baada ya Nyabiondo mvua ilinyesha, na kwenye mteremko mmoja wa udongo mwekundu pikipiki iliteleza. Aliyekaa mbele aliruka. Aliyekaa nyuma hakuweza kuruka, kwa kuwa alikuwa amefungwa. Alianguka pamoja na chuma, kasha likamlalia, na mguu wake wa kulia ukabanwa kwenye bomba la moshi. Kamba ilikuwa imelowa, vidole vikashindwa kuifungua. Kisu kilikuwa ndani ya sufuria, na sufuria ilikuwa chini ya pikipiki. Petroli ilikuwa ikimwagika.

Motari mmoja aliyekuwa akipanda kutoka Kashebere alisimama, akatoa kiwembe mfukoni, akaikata kamba. Alimwambia aliyekuwa chini, "Pole sana, mama." Kisha akamgeukia mwingine, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, abiria si kamba."

Familia moja ya Kashebere ilitupokea kwa siku mbili, ikatutafutia muuguzi. Motari yule alirudi siku ya pili, akatuamuru tushushe kila kitu na kukitandaza juu ya turubai. Kisha alianza mahali ambapo sisi hatukuanzia. "Mama akae kwanza," alisema. "Akishapata nafasi yake, mzigo nao utatafuta yake." Vitu vizito alivipeleka chini na karibu na katikati: kichwa cha cherehani katika gunia upande mmoja, maharagwe na sufuria upande wa pili, mpaka uzito ukalingana. Kwenye keria aliweka vitu vyepesi tu, visivyopita mabega ya abiria. Petroli aliihamishia upande usio na bomba la moshi, mbali na chakula. Turubai na makoti aliyafunga mwisho, ili yatoke kwanza mvua ikinyesha. Kisu kikaenda mfukoni mwa dereva, na nyaraka katika mfuko wa plastiki kifuani, maana kwenye vizuizi vya njiani huulizwa karatasi kabla ya yote. Mwishowe alimtaka abiria ashuke kwa hatua moja, bila kugusa fundo lolote. Aliposhindwa, tulianza upya. Akatuagiza pia kwamba penye mlima mkali na penye daraja la magogo abiria ashuke na kutembea. Kasha na godoro vilibaki Kashebere.

Kovu la mguu lilipona. Kilichotuuma kwa muda mrefu ni kitu kingine. Kamba ile tuliifunga wawili: mmoja aliipitisha, na mwingine aliinua mikono ili ipite. Mmoja alidhani kwamba mwenzake yupo ili mzigo usianguke. Mwingine alidhani kwamba kunyamaza na kubeba ndiko kupenda. Tulipokaa chini na kuambiana hayo, tulitambua kwamba pikipiki haikuwa mahali pa kwanza tulipofanyiana hivyo.

Injili ya Marko inasimulia jinsi Bwana alivyowatuma mitume wake wawili wawili bila mkoba wala mkate. Zamani tulipoisoma sura hiyo ya 6 tulifikiri juu ya mkoba. Sasa tunafikiri zaidi juu ya wale wawili.

Mwezi wa Machi 2025 mapigano yalifika Walikale. Tulifunga mzigo tena, safari hii kwa muda usiofika saa moja, tukiwa na mtoto wa miaka sita. Hatukubishana. Mama alikaa kwanza, mtoto akakaa katikati yetu, ameshikwa kwa mikono. Tulichukua nyaraka, turubai, sufuria, unga na chumvi, tukashika njia ya Lubutu. Cherehani ilibaki mezani, na kitambaa kilichoshonwa nusu bado kikiwa chini ya sindano.

Vijana wapendwa, katika vikundi vyenu yupo mmoja ambaye kila mara mgongo wake ndio unaoshikilia mzigo, naye hasemi neno. Mtazameni Jumapili hii. Mwulizeni kama anaweza kushuka.