Sahihi Yangu Kwenye Fomu ya Opereta

Fomu ilidai jambo moja tu: opereta wa foklifti amefundishwa na amepimwa kwa vitendo. Nikaweka sahihi. Hakuwa amefundishwa wala kupimwa, na mimi msimamizi wa ghala nilijua hivyo nikiwa nimeshika kalamu.

Opereta wetu mwenye cheti alikuwa amefiwa, amekwenda kuzika Songea. Kontena za vigae zilikuwa zimeingia kutoka bandarini na bosi anapiga simu kila saa. Dereva wetu wa lori, mtu mzima ninayemwamkia shikamoo, mzoefu wa kushuka mlima Kitonga na mzigo kamili, akaniambia, "Mwanangu, hii foklifti nayo si gari tu?" Nikakubali haraka, maana ndilo jibu nililokuwa nalitafuta.

Foklifti si gari. Lori hukata kona kwa magurudumu ya mbele na mkia hufuata. Foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, na mkia wake mzito ndio unaofagia pembeni. Kwa hiyo ule uzoefu niliousifia uliifundisha mikono yake kinyume. Halafu kuna suala la mizani. Mashine husimama juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya mbele na kiungo cha katikati ya ekseli ya nyuma. Kitovu cha uzito kikitoka nje ya pembetatu hiyo, inalala ubavu. Ukiinua mzigo, kitovu kinapanda; ukikata kona, kinakimbilia pembeni. Kibati cha mashine yetu kilisema kilo 2,500, kwa mzigo wenye kitovu milimita 500 kutoka mgongo wa uma. Kitovu cha mzigo kikiwa mbali zaidi ya hapo, kilo zinapungua. Miaka yote mimi nilikuwa nasoma kilo peke yake, na bado nikijiona mjuzi.

Yule dereva alishuka rampu akitazama mbele, paleti ameiinua juu ili aone njia kwa chini yake. Ukiwa umebeba, rampu hushukwa kinyumenyume, mzigo ukielekea juu na uma ukiwa chini, na kona haikatwi hadi ufike sakafuni. Yeye alikata katikati. Mashine ilipoanza kulala, akaruka. Nani angemlaumu? Hakuna aliyemwambia kwamba hapo opereta hubaki kitini, mkanda umefungwa, ameshika usukani, ameegemea upande usioangukia, kwa sababu anayeruka hufuatwa na paa la mashine yenyewe. Mkanda ulikuwepo. Vibarua walikuwa wameufunga fundo nyuma ya kiti usiwasumbue, nami nilikuwa nikiuona kila siku.

Paa lilimpata kwenye kifundo cha mguu.

Hata hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe mafunzo na asimamie kazi. Hapo ghalani, aliyemwakilisha mwajiri alikuwa mimi. Lakini mkaguzi wa usalama aliponiuliza kama yule mzee alifundishwa, nilimwonesha fomu. Nikasema alipewa maelekezo, akayapuuza. Nilikuwa na ada za shule za watoto kichwani, na niliyasema maneno hayo bila kigugumizi.

Utawala ukamwandikia barua ya onyo kwa uzembe. Aliisaini akiwa amekaa, magongo yameegemezwa ukutani. Hakunigeukia. Sasa yupo getini, anaandika namba za magari yanayoingia na kutoka. Lori hawezi tena kuliendesha, kwa kuwa mguu hauna nguvu ya kukanyaga klachi.

Opereta mwenye cheti aliporudi nilimwambia ukweli wote. Alisikiliza, kisha akaniuliza iwapo mzee anajua nilivyomjibu mkaguzi. Hakuwa akijua. Nilikwenda getini nikamweleza mwenyewe, naye akanijibu kwamba barua ile inamhangaisha kuliko mguu, kwa sababu wanawe wameisoma.

Nimeomba iondolewe kwenye faili lake. Ofisi ya utumishi inataka sababu kwa maandishi, yenye jina langu na sahihi. Nimeyapeleka haya.