Ukoko, Mvua na Ndoa



Wapendwa, katika mitaa yetu ya Mbagala, Tandale na Tegeta watoto hukanywa wasile ukoko sufuriani, wasije wakanyeshewa siku ya harusi yao. Basi mvua inyeshapo Jumamosi ya ndoa, mashangazi humtania bibi harusi kwamba alikula ukoko. Wengine hujibu kuwa mvua ni baraka. Sababu iliyo karibu zaidi ni kalenda. Wachumba wengi hungoja Kwaresima ipite, na Pasaka ifikapo, masika ya Machi hadi Mei nayo yamekwisha kuingia.

Utani huo haumdhuru mtu. Zipo pia mila tunazozipokea kwa shukrani. Katika mahari ya watu wa pwani umo mkaja wa mama, ukumbusho wa kitambaa alichojifunga tumboni baada ya kumzaa binti yake. Humfundisha kijana kumheshimu aliyezaa na kulea.

Lakini iko imani nyingine iliyo nzito kuliko ukoko: kwamba ndoa bila shamrashamra ni aibu na mkosi. Kwa sababu yake tunao waamini walioishi pamoja miaka mingi, wenye watoto, wasiokaribia Komunyo Takatifu, eti bado wanakusanya michango ya sendofu, ukumbi na sare za kamati. Miaka hupita, wengine hufikwa na ugonjwa, hata kifo, wakingali wanangoja.

Tukumbuke Kanisa linadai nini. Kanuni ya 1057 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema ndoa hufanywa na ridhaa ya hao wawili. Kanuni ya 1108 yataka ridhaa hiyo itolewe mbele ya paroko, au mwenye mamlaka ya kufungisha ndoa, na mashahidi wawili. Hakuna kanuni itajayo pilau.

Kule Kana divai iliwaishia maharusi mbele ya wageni. Yesu hakuwalaumu kwa upungufu wao, aliwasitiri.

Ndugu zetu mnaongoja, njoni wawili ofisi ya parokia na vyeti vyenu vya ubatizo. Ndoa yaweza kufungwa katika misa ya kawaida, ndugu wachache wakiwapo, na chai ikanywewa nyumbani. Sherehe ikiwezekana, ni furaha. Isipowezekana, sakramenti ni ileile.

Mama Maria, uliyeuona upungufu wa Kana, utuombee. Amina.