Saa Moja ya Ndege, na Safari ya Same

Kizazi cha watoto wetu kinahesabu safari ya nyumbani kwa saa ya ndege. Ukimuuliza kijana wa Kipare aliyeko Dar es Salaam kwao ni umbali gani, atakujibu, "Saa moja tu mzee, natua KIA." Na hasemi uongo. Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi ule wa Kilimanjaro, ukipiga mstari ulionyooka, ni kama kilomita 450, na ndege humaliza kwa saa moja hivi.

Ila mstari huo unapita magharibi kidogo ya Same. Ukikaa dirisha la kulia na mawingu yakikubali, milima yetu unaiona chini yako, Shengena ikiwa juu ya yote. Unapitishwa kwenu, unatua mbele, kisha unatafuta gari likurudishe nyuma karibu kilomita 150, upite Moshi, upite Mwanga. Na barabara ya lami kutoka Dar hadi Same nayo ni kama kilomita 450 hizohizo! Nimeona misibani: aliyepanda basi la alfajiri na aliyeondoka kwa ndege ya saa nne wanakutana Same mchana, wote wakingoja gari la kupanda Mbaga. Mmoja ana vumbi, mwenzake ana sanduku la magurudumu ambalo huko juu halitaburuzika, litabebwa kichwani.

Baba zetu walipima kwa miguu. Mwaka 1945, serikali ya kikoloni ilipowaletea kodi ya mbiru, ya kumkadiria kila mtu kwa mali yake, waliteremka kutoka pande zote za milima, maelfu, wakakusanyika Same kwenye boma la wilaya kuikataa. Waliotoka mbali walilala njiani. Sisi tulikuwa na treni, kwenye reli ya Wajerumani iliyofika Moshi mwaka 1911, na ndani yake ungewajua watu wa Hedaru na Makanya kabla hujawafikia. KIA ilifunguliwa mwaka 1971, lakini wengi wetu tuliiona kuwa ni ya watalii na wakubwa. Treni ya abiria ikaja ikasimama miaka mingi, ikarudi Desemba 2019. Hapo katikati kilikua kizazi kisichoijua.

Siwalaumu kwa kupanda ndege. Mwenye ruhusa ya siku mbili kazini afanyeje? Kinachoniuma ni kwamba saa ile moja imewafanya waone njia imekwisha. Kipande kigumu hakijawahi kuwa Dar hadi KIA. Ni kile cha kutoka lami kwenda juu, ambako masika yakikolea gari linakwama kwenye kona, abiria wanashuka kusukuma, na mama mjamzito anateremshwa kwa bodaboda, mtu amemshika kwa nyuma asianguke. Gunia la tangawizi la Mamba Myamba linapita njia hiyohiyo, na bei yake inapungua kwa kila saa linayokwama.

Wanangu mlioko Dar mna kamati za misiba ambazo hukusanya nauli za watu wengi kwa usiku mmoja. Nataka kamati hizohizo zikutane wakati hakuna aliyefariki, zimwite mbunge na diwani, na ajenda iwe moja: barabara ya mlimani, kabla ya vuli.