Leopards haimo, na Zau analia peke yake

Katika mchezo wa FC 24, Chancel Mbemba yuko Marseille. Yoane Wissa yuko Brentford, Meschack Elia yuko Young Boys kule Uswisi, Arthur Masuaku yuko Beşiktaş. Lakini ukitafuta ekipe ya taifa ambamo hawa wote wanavaa jezi moja, hauioni. Kwa Afrika, ekipe za taifa za wanaume zilizomo ni Moroko na Ghana tu. Hakuna Leopards, hakuna Mazembe, hakuna Vita, hakuna ligi hata moja ya bara letu.

Ndugu wasomaji, na ninyi mnaotusikiliza asubuhi, mmezoea niwaletee habari za barabara, za posho na za maji. Leo naandika juu ya michezo ya video, kwa sababu wazazi wa kambini wananiuliza mara kwa mara vijana wao wanafuata nini katika zile sale za giza kando ya barabara ya Sake. Nimekaa humo mchana mwingi. Wawili wanacheza, ishirini wanatazama, na wale ishirini ndio wanaopiga kelele. Mchezo mmoja ni franka 500, na ambaye hana anasimama nyuma bila kufukuzwa, mradi asiguse waya.

FC 24 ni mchezo mzuri, nisiseme uongo. Ulitoka mwezi wa 9 mwaka 2023, ukiwa wa kwanza kuuzwa bila jina la FIFA baada ya kampuni ya EA na shirikisho hilo kuachana. Mpira una uzito wake. Beki aliyechoka unamwona amechoka. Wanawake wameingizwa humo pia, na katika sehemu moja wanaweza kucheza pamoja na wanaume katika ekipe moja, jambo ambalo lilizusha ubishi mkubwa katika sale yetu mpaka msichana mmoja alipochukua maneti na kuwafunga wabishi watatu mfululizo. Kuna pia ile sehemu ya kununua karata za wachezaji kwa fedha za kweli, ambayo sisi hatuigusi. Hiyo ni bahati nasibu iliyovaa jezi.

Nilichokosa mimi nilikiona mwanzoni mwa 2024, wakati wa Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire. Mtakumbuka. Tuliitoa Misri kwa mapenalti, na kipa wetu Lionel Mpasi ndiye aliyepiga la mwisho. Tukaifunga Guinea 3 kwa 1. Tarehe 7 mwezi wa 2 tulikutana na wenyeji katika nusu fainali, na kabla ya mechi, wimbo wa taifa ukiimbwa, wachezaji wetu walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki. Dunia nzima iliona. Wiki hiyo hiyo watu wa Sake walikuwa njiani kuja Goma na magodoro kichwani. Tulifungwa 1 kwa 0, lakini sijawahi kuona watu wa mji huu wakipoteza mechi na bado wanatembea wameinua vichwa.

Kesho yake vijana walikuja sale kuirudia ile nusu fainali, ili safari hii tushinde. Haikuwezekana, Leopards haimo, na Côte d'Ivoire, ambao walibeba kombe, nao hawamo. Wakacheza Marseille kwa sababu ya Mbemba. Mvulana mmoja wa Sake, miaka 14 hivi, alisema maneno ambayo niliyaandika kwenye daftari langu: "Naye anacheza kwa watu, kama sisi."

Nilipokuwa sekondari, mwaka 2006 hivi, tulikuwa na PES kwenye PlayStation 2. Ukilinganisha na FC 24, sura zilikuwa kama za udongo. Lakini mchezo ule ulikuwa na mahali pa kubadilisha mambo. Tulichukua klabu moja isiyopendwa na mtu, tukaifutia jina, tukaivisha buluu, tukaweka LuaLua na Shabani Nonda mbele, na nafasi zilizobaki tukajaza kwa majina ya wachezaji wa kartiye yetu. Ekipe hiyo ilifungwa na kila mtu. Tuliipenda kupita kiasi! FC 24 nayo inaruhusu kuunda klabu na kununua wachezaji. Vijana wa sale wamejaribu, wakatuma ofa kwa hawa wote, lakini wengine wanakataa kuja. Fikiria, kuomba Mkongomani acheze na Wakongomani, kompyuta inakujibu hapana.

Juu ya eFootball, mrithi wa PES, sitakaa sana. Ilitoka mwezi wa 9 mwaka 2021 na sura za wachezaji zikachekesha dunia, mpaka Konami wakaomba radhi. Wameirekebisha tangu hapo na leo inachezeka vizuri kwenye telefone, tena ya bure. Bure ya nani, sijui, maana bila intaneti haifunguki, na kijana wa chini ya bashi akinunua mega, zinaisha kabla ya kipindi cha pili.

Mchezo ambao umenikaa moyoni ni mwingine. Unaitwa Tales of Kenzera: Zau. Ulitoka mwezi wa 4 mwaka 2024, na aliyeuongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wachezaji wengi wanaijua sauti yake katika Assassin's Creed Origins, alipokuwa Bayek. Salim alifiwa na baba yake, na kutoka kwenye msiba huo akatengeneza mchezo huu. Mganga kijana, Zau, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kumwambia: nitakukamatia roho kubwa tatu zinazokukimbia, wewe unirudishie baba. Kwa nje kuna kijana mwingine, Zuberi, ambaye naye amefiwa, na kisa chote cha Zau ni hadithi aliyoachiwa na baba yake. Na mchezo huu, wapendwa, unaweza kuusikiliza kwa Kiswahili. Ni Kiswahili cha mashariki, siyo chetu cha Goma, lakini ni Kiswahili. Na aliyeuchapisha ni EA, kampuni ile ile iliyotusahau kwenye mpira.

Nilimfuata mwenzangu wa radio ambaye ana kompyuta yenye nguvu, tukaufungua baada ya kazi, generateri ikinguruma uani. Mimi baba yangu alifariki mwaka 2023 huko Masisi. Sisi watoto tulikuwa tumeshakimbilia Goma na barabara ilikuwa imefungwa, majirani waliobaki ndio waliomzika. Tulikaa kilio hapa mjini bila maiti na bila kaburi. Kwa hiyo Zau alipofungua mdomo na kuita baba, kwa lugha ambayo mimi ningeita, sikuweza kuongea kwa muda.

Kuna jambo moja ndani yake ambalo sijaliona katika mchezo mwingine wowote. Njiani kuna mibuyu. Ukifika kwenye mbuyu, Zau anakaa chini, anazungumza juu ya baba yake, na anapoinuka nguvu zake zimeongezeka. Aliyefikiri jambo hilo amewahi kufiwa kweli.

Kwa nini basi nasema haukufika pale ulipotakiwa kufika? Kwanza, mapigano. Zau ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, kimoja cha moto na kingine cha barafu, na kuvibadilisha katikati ya vita kunapendeza kwa saa mbili za kwanza. Halafu maadui wanarudi wale wale, mlango unajifunga, unawapiga, mlango unafunguka, unasonga mbele, mlango unajifunga. Kuna mahali ambapo kosa moja linakuua papo hapo na unaanza upya. Mimi niliumaliza kwa saa kama tisa, na nyingi kati ya saa hizo zilikuwa za kupiga, wakati nilichotaka ni kurudi chini ya mbuyu.

La pili ni zito zaidi, na sikuliona mimi. Jioni moja vijana watatu wa kambi, waliokuwa wamekuja radio kutoa ushuhuda kwa kipindi chetu, walikaa kutazama. Mwanzoni walicheka kile Kiswahili. Baadaye walinyamaza. Zau alikuwa anatembea katika inchi nzuri kupita kiasi, rangi za zambarau na dhahabu, ngoma zinapiga, na mkubwa wao akauliza: "Yaya, uyu naye, batu ya kwabo beko wapi?"

Ni kweli. Zau anakutana na watu wachache sana. Amefiwa na baba, na hakuna anayemletea hata chungu cha maharage. Hakuna wamama waliolala chini kwenye mikeka, hakuna mjomba anayegombana juu ya gharama, hakuna jirani mlevi anayeimba vibaya mpaka saa kumi za usiku. Sisi tumekosa vingi katika vita hivi, hata makaburi tumekosa, lakini bado hatujamwacha mtu alie peke yake. Siku ya kilio cha baba walikuja watu ambao wenyewe walikuwa wamefika mjini juzi, hawana kiti, wakakaa juu ya mawe ya volkano. Mchezo uliosema kwa lugha yetu juu ya kifo ulipofika hapo haukusema kitu. Najua ekipe iliyoutengeneza ilikuwa ndogo, na kujaza inchi na watu ni gharama kubwa. Mwezi wa 10 mwaka 2024, miezi kama sita tu baada ya mchezo kutoka, studio ya Salim ilitangaza kwamba kazi za watengenezaji wake ziko hatarini kwa kukosa fedha. Inaniuma, maana mtu wa namna hii anahitaji mchezo wa pili ili arekebishe wa kwanza.

Mkubwa wa wale watatu amesharudi radio mara nne. Hapendi mapigano, anamwachia mwenzangu maneti mpaka waukaribie mbuyu, ndipo anaichukua yeye.

Mwenye kompyuta nzuri au PlayStation 5 ajue kwamba mchezo upo kwa hizo, na kwa Switch na Xbox mpya pia, lakini PlayStation 4 za sale zetu haziuchukui. Kabla ya kuanza, ingia kwenye mipangilio ya lugha, weka sauti ya Kiswahili, na uwaite watoto wakae karibu.