Ordinatere Inayojizima Haijakufa



Katika masomo yetu hapa Bukavu, chumba cha ordinatere kina mashini 9 za zamani, zile za sanduku kubwa la chuma zilizokuja baada ya kutumika Ulaya. Mwaka huu 5 zilianza kujizima. Unaiwasha, inafanya kazi dakika 10 au 15, halafu kiyoo kinakuwa cheusi. Ukiiwasha palepale, inazima upesi zaidi. Wengine walisema ni kuranti, wengine virusi, na mlinzi wetu alisema mambo ambayo sitayaandika hapa. Fundi mmoja aliyeitwa alitazama kutoka nje tu, akataka dolari 40 kwa kila moja ili abadilishe karte kubwa ya ndani. Ungekuwa mchango mwingine kwa wazazi, na mnajua ni nani nyumbani anayeutafuta.

Lakini mimi pesa haikunisumbua kama viti. Wanafunzi 38 kwa mashini 4: nani anakaa mbele ya klavye? Wavulana. Wasichana wanasimama nyuma na kuangalia. Ninawaambia wabadilishane, na wanabadilishana nikiwa ninawatazama. Kila mashini inayozima inamwondoa msichana kwanza.

Ndani ya sanduku kuna prosesere, kipande kinachofanya mahesabu yote. Nyingi za kwetu ni Pentium 4, na zile zilizoanza kutoka mwaka 2004 zinajulikana kwa joto: moja inaweza kula wati zaidi ya 80, na joto hilo lote linatoka mahali padogo kuliko kiberiti. Juu yake kuna chuma chenye mapezi membamba, na juu ya chuma kuna vantilatere. Kati ya prosesere na chuma wanapaka pati ya kupitisha joto, kwa sababu vyuma viwili, hata viwe laini namna gani, vinaacha nafasi ya hewa kati yao. Miaka ikipita pati inakauka, na vumbi la kiangazi linaziba mapezi. Joto likipanda, prosesere inapunguza mwendo. Ndiyo maana mashini inakuwa nzito kabla ya kuzima. Likizidi, inajizima ili isiungue. Athlon za AMD za mwaka 2000 hazikuwa na kinga hiyo: ukitoa chuma chake zikiwa zinafanya kazi, zinaungua kwa sekunde chache.

Ikizima hata ikiwa baridi, tafuta shida kwenye kuranti au alimantasyo. Ikizima baada ya muda uleule, kisha ikapumzika nusu saa na kufanya kazi tena, shaka kwanza joto. Mashini nyingi zinaonyesha joto lenyewe: bonyeza Suppr au F2 wakati inawaka, tafuta ukurasa wa hali ya mashini. Sisi tulikuta moja ina digri 84, na hakuna kazi yoyote iliyokuwa inafanya.

Jumamosi nilikaa na wasichana 6 wa mwaka wa tano. Tulichomoa nyaya zote, tukapangusa mapezi kwa pinseli kavu, kidole kikishika vantilatere isizunguke. Vumbi lilitoka limeshikana kama kitambaa. Pati ya zamani tuliitoa kwa pamba na alkoli ya farmasi, tukaweka mpya kiasi cha punje ya mchele. Mmoja aliuliza kama dawa ya meno inafaa, maana kaka yake alisema hivyo. Haifai, inakauka baada ya siku chache.

Mahali pa hatari ni kutoa chuma. Pati iliyokauka inashika kama gundi, na katika Pentium 4 zenye miguu ukivuta kwa nguvu unang'oa prosesere pamoja nacho, miguu ikapinda. Washa mashini dakika 5 ili pati ilainike, zima, chomoa, fungua vishikizo, kisha zungusha chuma polepole kushoto na kulia kabla ya kuinua. Mikono iliyozoea kusuka nywele ilifanya kazi hiyo vizuri kuliko yangu.

Mashini 4 zimepona. Ya 5 ilikuwa na kondansatere zilizovimba kichwani, ugonjwa wa kawaida kwa karte za miaka hiyo, na kwa hiyo moja fundi alisema kweli. Vantilatere yake tumeitia katika nyingine iliyokuwa inapiga kelele. Sasa zipo 8, na wale 6 ndio wanaoshika turnevisi na ufunguo wa chumba.

Vikundi vya akiba vyenye ordinatere ya namna hiyo, andikisheni jina kwa katibu. Wasichana watapita Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi. Pati watakuja nayo. Ninyi tayarisheni meza yenye mwanga, na mkopi kwanza hesabu zenu kwenye flashi.