Mtafute Babu Askari wa Lambwe

Ukilitazama Bonde la Lambwe kutoka miteremko ya Kanyamwa, utaona nyasi ndefu na twiga wa Mbuga ya Ruma. Sehemu hizi zilitoa vijana kwa vita vya Mwingereza. Kati ya 1914 na 1918 baadhi ya Wakenya walishika bunduki katika jeshi la KAR. Wengi zaidi walibebeshwa mizigo. Sanamu zao zipo Kenyatta Avenue, Nairobi, lakini hazina orodha ya majina.

Jina la babu yako basi utalitafuta wewe. Anzia nyumbani. Otieno ni aliyezaliwa usiku, na jeshini akina Otieno walikuwa tele. Waulize wazee jina la baba yake, ukoo wake na chifu wake. Uliza boma lake lilikuwa wapi, maana mbung'o na malale viliwahamisha wengi bondeni, makaburi yakaachwa. Chungulia sanduku la nyanya: huenda mna kipande au medali.

Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Usiitishe faili za Homa Bay wala Migori. Enzi hizo wilaya iliitwa Kavirondo Kusini, makao yake Kisii. Kama alifia Burma katika vita vya 1939 hadi 1945, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inayo madaftari ya majina.

Lakini wazee kwanza. Faili itangoja, mzee wa miaka 90 hatangoja.